Mtoni Hatusemi

Asubuhi ya Jumamosi ile, Tharsisi alimimina kopo lake la chambo juu ya mkeka, akakaa chini kuchagua. Hakuwa mtu wa haraka. Kwanza aliangalia anga, kisha akagusa hewa kwa kiganja kujua baridi ya kiangazi imeshika kiasi gani, ndipo akaanza kuokota kimoja kimoja.

Kulikuwa na vijiko vilivyokatwa mpini na kutobolewa, ambavyo majini vilimetameta kama dagaa anayekimbia. Kulikuwa na visamaki vilivyochongwa kwa ndala zilizochakaa, vya buluu na vya kahawia. Kulikuwa na manyoya ya jogoo yaliyofungwa kwa uzi wa cherehani juu ya kidonge cha risasi. Kila kimoja kilikuwa na kipande cha waya wa breki ya baiskeli kichwani, kwa sababu samaki aliyekuwa akimwinda, yule wanayemwita kibebe, ana meno yaliyotokeza nje ya mdomo kama misumari, na mshipi mtupu huukata kama utando wa buibui.

"Unachagua chambo au unachagua mchumba?" Esteri, mkewe, alimuuliza kutoka jikoni.

"Nachagua."

"Samaki gani huyo wa kupelekewa posa?"

Esteri akajuta kuuliza, maana jibu alikuwa nalo. Siku hiyo mumewe hakuwa anamchagulia samaki. Alikuwa anamchagulia Hilali.

Hilali alikuwa mwenye duka la vyuma Kasulu mjini. Alizaliwa Pangani, akapanda huku juu ujanani na mzigo wa vitambaa, akamwoa Mwajabu, akabaki. Tharsisi yeye aliingia nchini akiwa mtoto wa mgongoni, wazazi wake wakikimbia kutoka Burundi. Akakulia kijijini Nyakitonto, akawa raia, akawa mkulima wa maharage. Siku moja alikwenda dukani kununua ndoano, na mwenye duka akamuuliza anavua samaki gani. Urafiki wao ulianzia pale kaunta. Walichagua Jumamosi kuwa siku ya kuvua pamoja, kwa kuwa Ijumaa ilikuwa ya mmoja na Jumapili ilikuwa ya mwingine. Hilali alimbatiza jina la Katekista, ingawa Tharsisi hakuwahi kufundisha hata somo moja la dini, na Tharsisi akamwita Shehe, ingawa Hilali mwenyewe alisema mashehe wa kweli wakisikia watamshitaki.

Dukani Hilali alikuwa msemaji. Angeweza kukuuzia msumari mmoja kwa hadithi tatu. Lakini mtoni walikuwa na sheria, na sheria hiyo ilitoka kwa baba yake Tharsisi: mtoni hatusemi. Kila mtu alisimama kwenye bwawa lake, pale mto ulipotulia, mmoja juu, mmoja chini, na kona ya mto katikati yao. Waliitana kwa kugonga mwanzi wa kuvulia kwenye jiwe. Kugonga mara moja kulikuwa na maana ya nipo. Ukigonga mara moja, mwenzako naye anajibu mara moja, kila mmoja anajua mwenzake hajachukuliwa na maji wala mamba. Kugonga mara mbili kulikuwa na maana ya njoo. Na ukiitwa njoo, unakwenda, hata kama kibebe anakutazama usoni. Katika miaka yote ile hakuna aliyewahi kuitwa asiende.

Halafu Hilali akaanza kusahau. Alianza na bei za bidhaa, watu wakacheka. Akasahau majina ya wajukuu, watu wakaacha kucheka. Mwisho akasahau kwamba Mwajabu amefariki, akawa kila adhuhuri anauliza mbona leo chakula hakijaletwa. Wiki iliyopita Tharsisi aliingia dukani, na Hilali akasimama nyuma ya kaunta kwa adabu zake zote.

"Karibu, mteja. Nikusaidie nini?"

Tharsisi alidhani ni utani. "Nipe ndoano, Shehe."

Hilali akamfungia ndoano kwenye kipande cha gazeti. "Unavua wapi, mzee? Malagarasi? Basi ukimkuta Katekista kule, mwambie namsubiri. Siku hizi hanijii kabisa. Sijui nimemkosea nini."

Tharsisi alitoka na ndoano zake, akasimama nje ya duka, na kwa muda hakujua njia ya kwenda nyumbani ni ipi.

Firdausi, binti wa Hilali, alikuwa amekuja kutoka Tanga kumchukua baba yake. Hakuna aliyemlaumu. Huku juu mzee alikuwa na vijana wa dukani tu, na juzi walimkuta kituo cha mabasi amevaa kiatu kimoja. Safari ilikuwa Jumapili asubuhi. Tharsisi alimwomba jambo moja: ampe Jumamosi hii.

"Na utamrudishaje?" Esteri aliuliza sasa, akija na kikombe cha uji. "Daktari ameshindwa."

"Samaki akiwa chini kabisa hafuatwi kwa mikono," Tharsisi alisema. "Unamtafutia kitu anachokipenda, unakishusha mbele yake taratibu. Kama hakupanda, unabadilisha. Siku moja anapanda."

"Baba wee, yule si samaki."

"Sitaki apone. Nataka aniite Katekista. Mara moja tu, ananiangalia. Kisha aende zake Pangani."

Esteri alimwangalia mumewe. "Na mtoni hamsemi."

"Leo nitasema," alisema Tharsisi.

*

Firdausi aliendesha pikapu ya dukani mpaka barabara ilipokwisha, akaegesha kwenye majani. Mto ulikuwa mweupe, mawe ya chini yakionekana, na ubaridi wa asubuhi ulikuwa bado umelala juu ya maji. Hilali alishuka amevaa kofia yake nyeupe na koti la mvua, akampa Tharsisi mkono.

"Amahoro, mzee," alimsalimu kwa lugha ya huku, kwa lafudhi ya Pangani ambayo miaka yote haikumtoka. "Wewe ndiye mwenyeji wetu?"

"Ndiye mimi, Shehe."

"Afadhali. Mwenyeji asipoujua mto, mgeni hula dagaa wa dukani."

Firdausi alicheka. Tharsisi naye alicheka, na kifua kikamuuma, maana katika sentensi ile Hilali alikuwamo mzima, hakupungua hata kidole.

Walikaa juu ya jiwe la bwawa la chini, bwawa la Hilali. Tharsisi akatoa kijiko. Alikuwa amekichagua kuwa cha kwanza kwa sababu kilikuwa na kicheko ndani yake.

"Unakikumbuka hiki? Ulikiiba kabatini kwa mke wako. Seti ya vijiko vya harusi. Sikukuu ya Idi wageni wamekaa, kijiko kimepungua, Mama Firdausi anakuuliza kiko wapi, wewe unamwambia kimemezwa. Na kweli kilikuwa kimemezwa. Kibebe alikwenda nacho!"

"Kimemezwa!" Hilali alicheka mpaka akafuta macho. "Huyo bwana ni jasiri. Na kijiko kikarudi vipi?"

"Tulimpata samaki huyo huyo Jumamosi iliyofuata. Kilikuwa bado kinaning'inia shavuni."

"Na mkewe alimfanyaje?"

"Alimlaza barazani."

"Alistahili. Nani huyo bwana?"

"Rafiki yangu," alisema.

Hilali akakichukua kijiko, akakiinua kwenye mwanga, akakigeuza, akamrudishia. "Kizuri. Lakini si cha leo, mzee, usinielewe vibaya. Maji haya yanaona. Kibebe akiona kitu kinang'aa hivi ndani ya maji meupe, anajua ni uongo. Hiki ni cha masika, mto ukiwa rangi ya chai ya maziwa. Leo weka kitu kidogo, kibovubovu, kisichojisifu."

Alikuwa sahihi. Tharsisi alikuwa amekichagua kijiko huku akijua kwamba kwa maji yale hakifai. Yeye aliyatazama macho ya mwenzake, hakuyatazama maji. Akakirudisha koponi, akatoa kisamaki cha ndala ya kahawia. Ndala hiyo ilikuwa ya Hilali mwenyewe, iliyobaki pekee siku alipoteleza na ya pili ikaenda na maji. Akaisimulia hadithi nzima: jinsi alivyorudi mjini anarukaruka kwa mguu mmoja, na jinsi wanawake wa sokoni walivyompigia makofi. Hilali alisikiliza kwa adabu. Katikati ya hadithi macho yake yalikwenda kwenye maji, yakabaki huko.

"Unaona pale penye mwamba uliozama?" alisema. "Amelala pale. Ukivuta, hakufuati. Baridi hii humfanya mvivu. Mwangushie, halafu legeza mshipi kabisa, kiache kianguke chenyewe kama kitu kilichokufa. Watu wengi hawawezi kulegeza. Wanashika tu, wanashika tu. Anakula kinapoanguka."

"Nani alikufundisha?"

"Mwenzangu."

Tharsisi akasogea karibu. "Mwenzako gani, Shehe?"

"Mwenzangu," alisema Hilali, kana kwamba kila mtu anamjua.

Hilali alikuwa kama samaki aliyekigusa chambo. Tharsisi alilihisi hilo mkononi, kama mvuvi anavyolihisi, na kama mvuvi aliyekosa subira akafanya kosa la kuvuta mapema. Alitoa koponi chambo cha mwisho, kile ambacho asubuhi alikiweka kando, akakirudisha, akakiweka kando tena. Yalikuwa manyoya meusi ya jogoo.

"Hiki tulikifunga mimi na wewe," alisema. "Barazani kwako. Ile wiki ya msiba wa Mwajabu."

Uso wa Hilali ulipauka.

"Mwajabu amekufa?"

Firdausi alisimama kule kwenye majani.

"Amekufa lini? Mbona sikuambiwa? Asubuhi si alinipa chai?" Alijaribu kuinuka. "Mbona hamkuniambia, jamani? Mmemzika bila mimi?"

Na akalia. Alilia kama mtu aliyepigiwa simu dakika hiyo, kwa sauti, kofia mkononi, na mto ukaichukua sauti ile ukaipeleka chini. Firdausi alikuja mbio, akapiga magoti, akamkumbatia baba yake kichwa. "Baba, Baba, tulia. Mama hajambo. Yuko nyumbani, anapika. Tulia, baba yangu." Alisema uongo huo kwa utaratibu wa mtu aliyeusema mara nyingi. Hakumwangalia Tharsisi kwa hasira. Ingekuwa afadhali angemwangalia hivyo.

"Nisamehe, mwanangu," Tharsisi alisema.

"Hukujua, baba. Hata mimi siku ya kwanza nilimwambia kweli. Nikafikiri kweli ni nzuri."

Baada ya muda Hilali alinyamaza. Alisahau alichokuwa akikililia, lakini machozi yalibaki mashavuni, na akayagusa kwa vidole akashangaa, kama mtu aliyenyeshewa kwenye jua. Kisha akamgeukia Tharsisi, kwa upole, kama mtu anayemrekebisha mgeni asimwaibishe.

"Mzee, wewe ni mtu mwema, nimekuona. Lakini unasema sana. Mtoni hatusemi. Mwenzangu angekuwepo, angekukataza."

*

Tharsisi aliichukua mianzi yake, akauacha wa Hilali na chambo chake jiweni, akapanda na mto.

Hakuwa na mpango tena. Alitaka tu kwenda mahali ambapo hataonekana. Miguu ikampeleka ilikozoea, akaizunguka kona, akayapita matete, akajikuta kwenye bwawa la juu, bwawa lake, mbele ya jiwe lenye kishimo kidogo ambacho mianzi yake ilikichimba kwa miaka. Alikaa. Alijilaumu kwa mpangilio, kama alivyofanya kila kitu: kwanza kwa kijiko, kisha kwa ndala, mwisho kwa manyoya. Alikuwa amemfuata mwenzake kwa kelele asubuhi nzima. Alimtupia kila kinachong'aa ndani ya maji yanayoona. Yeye, aliyewafundisha wengine kulegeza.

Alifunga kisamaki kidogo cha kahawia, akakiangusha bwawani, akalegeza mshipi. Halafu, bila kufikiri, kwa kuwa mkono wake ulifanya hivyo kila Jumamosi baada ya kutupa mara ya kwanza, alichukua mwanzi wa akiba akaugonga kwenye jiwe. Mara moja.

Mto uliendelea na shughuli zake. Ndege mmoja aliruka.

Kisha kutoka chini, nyuma ya kona, jibu likaja. Mara moja.

Tharsisi alishika mdomo wake kwa mkono.

Aligonga tena. Akajibiwa tena, na safari hii haraka, kwa ile pupa ya Hilali ya siku zote, mwisho wa mwanzi ukikwaruza jiwe kidogo. Hakuna mtu mwingine duniani aliyegonga hivyo. Basi wakavua. Jua lilipanda, ubaridi ukaondoka juu ya maji, na kila baada ya muda mmoja aligonga na mwingine akajibu. Nipo. Nipo. Tharsisi hakukumbuka tena kuangalia kama mshipi wake umeguswa. Walikuwa pamoja, yeye na Hilali, kama walivyokuwa siku zote, na kona ya mto katikati yao. Alilia polepole huku akitabasamu, na hakuona haya, maana mtoni hakuna wa kukuona.

Halafu kutoka chini pakagongwa mara mbili.

Njoo.

Aliinuka nusu, akasimama hivyo hivyo, mkono kwenye goti. Kwa mara ya kwanza mwito ule ulimtisha. Akibaki hapa ni Katekista. Akishuka, hajui atakuwa nani. Lakini huenda, alijiambia, huenda. Mtu aliyegonga hivyo amekumbuka jiwe, amekumbuka sheria. Kilichobaki ni uso tu. Na ukiitwa, unakwenda.

Alishuka kwa kukimbia, mzee mzima, majani yakimpiga magotini.

Hilali alikuwa amesimama ndani ya maji mpaka kwenye vifundo, mwanzi umepinda, Firdausi amemshika koti kwa nyuma asianguke. Kibebe aliruka, akatikisa kichwa, mistari yake myeusi ikionekana wazi hewani, akaanguka. Hilali hakumvuta. Alimlegezea, akamlegezea, akamchosha, mpaka samaki mwenyewe akaja kwenye kokoto kama mgeni aliyechoka kukataa kiti. Uso wa Hilali ulikuwa wa kijana. Akageuka, akamwona Tharsisi amesimama mbele yake, anahema, mikono imenyooshwa kidogo.

"Aa, mzee!" alisema kwa furaha. "Umetoka huko juu? Umemkuta mwenzangu? Mkimbilie, mwambie aje aone. Nimemwita, sijui kwa nini anachelewa. Huyu hachelewagi."

Firdausi aliinamisha kichwa.

"Nimemkuta," alisema Tharsisi.

"Hajambo?"

"Hajambo. Anasema maji ya juu leo mabaya kupita, goti linamsumbua. Anakusalimu."

"Goti!" Hilali alicheka. "Uvivu tu. Muulize kama goti linamsumbua akienda kanisani." Alikaa juu ya jiwe, akatoa kisu, akamkata samaki kichwa palepale, kwa mkato mmoja. Hiyo nayo ilikuwa desturi yao. Aliyepata hula mkia, aliyekosa hupewa kichwa, kwa sababu kichwa ndicho chenye mchuzi, na aliyekosa ndiye anayehitaji kufarijiwa. Akakifunga kichwa kwenye majani ya mgomba waliyokuja nayo, akakifunga vizuri, akakaza kwa nyasi.

"Mpelekee," alisema, akimpa Tharsisi. "Mwambie kichwa chake hiki. Usikile njiani wewe, nakuona una sura ya njaa."

"Sitakila."

"Nakuamini." Akamtazama kidogo, kisha akaongeza kwa sauti ya chini, kama mtu anayetoa siri kwa abiria mwenzake ambaye hatamwona tena. "Unajua, mzee, wakati fulani nilipatwa na jambo kubwa. Silikumbuki lilikuwa nini. Lakini watu walijaa nyumbani, kila mtu ananiambia pole, pole, Mungu amependa, pole. Nilitaka kukimbia. Huyo mwenzangu alikuja akakaa pembeni yangu, akatoa uzi na manyoya, akaanza kufunga chambo. Hakusema hata neno moja. Akanipa uzi nishike. Tukakaa hivyo siku zote zile." Aliangalia kona ya mto. "Mambo mengine yananipotea, nalijua hilo, wala msidhani silijui. Huyo hajanipotea. Huyo ninaye."

Tharsisi alikuwa na neno moja la kusema. Lilikuwa limefika mpaka mdomoni: Shehe, ni mimi. Aliutazama uso ule, uliokuwa umetulia, uliokuwa na rafiki yake mahali salama nyuma ya kona. Akafikiri jinsi uso huo ulivyovunjika asubuhi kwa kweli nyingine.

"Nitampelekea," alisema. Akapanda tena na mto, kichwa cha samaki mkononi, akazunguka kona, akakaa nyuma ya matete. Akagonga mara moja.

*

Kichwa kile Esteri alikipika na nyanya chungu. Tharsisi alikila peke yake, mpaka mifupa. Alipomaliza alisema tu, "Alikikata yeye," na Esteri akasema, "Najua. Wewe hukati hivyo."

Jumapili asubuhi kengele ya kanisa ilipolia, Tharsisi alikuwa tayari Kasulu mjini, kwenye kichochoro kinachopita ubavuni mwa duka la Hilali. Alikuwa amebeba mwanzi mmoja. Pikapu ilikuwa imeegeshwa mbele ya duka, mizigo imefungwa turubai, vijana wa dukani wanapeana mikono na mzee mmoja mmoja, naye anawaita wote "mwanangu" ili asikosee jina. Firdausi alikuja kichochoroni.

"Baba, njoo umuage. Tunaondoka."

"Nimekuja kumuaga."

"Basi njoo mbele, yumo ndani ya gari."

Tharsisi alitikisa kichwa. "Nikija mbele, ataagana na mzee wa jana anayesema sana. Niache hapa hapa, mwanangu. Hapa ananijua."

Firdausi alishika mkono wake wa kulia kwa mikono yake miwili, akapiga goti kidogo kama mtoto wa huku anavyofanya, ingawa alikuwa mtu wa Tanga siku nyingi. Akarudi kwenye gari. Injini ikawaka.

Tharsisi aliugonga mwanzi kwenye saruji ya baraza. Mara moja.

Kutoka mahali aliposimama aliona kioo cha dirisha la gari kimeshushwa na kiwiko cha Hilali kimetoka nje. Kiwiko kilitulia. Kofia nyeupe ikageuka, si kuelekea kichochoroni bali kuelekea upande wa milima, upande wa mto. Kisha kiganja kikagonga bati la mlango. Mara moja.

Vijana wa dukani walidhani anahimiza dereva. Firdausi hakuondoa gari.

Tharsisi aligonga. Hilali akajibu. Ndani ya gari alikuwa anatabasamu, sauti yake ilisikika ikimwambia binti yake jambo, kwa ule uchangamfu wa dukani: "Unasikia? Yupo."

Halafu kiganja kikagonga tena. Mara mbili.

Njoo.

Tharsisi aliinua mguu. Mwili wake wote ulikuwa umekwisha kwenda. Ni yeye tu aliyebaki. Katika miaka yote ile hakuna aliyewahi kuitwa asiende. Hilali akagonga tena mara mbili, taratibu zaidi, kama mtu anayemwita mwenzake aje aone kitu kizuri alichokipata.

Tharsisi alirudisha mguu chini. Aliegemea ukuta wa duka, akaushika mwanzi kwa mikono miwili kwa kuwa mmoja haukutosha, akagonga mara moja.

Nipo.

Pikapu ikaondoka. Kiwiko kilibaki dirishani, kofia ikiwa bado imegeukia milima, mpaka gari lilipokata kona ya barabara. Na muda mrefu baada ya gari kupotea, watu waliokuwa wakitoka kanisani walimwona mzee wa Nyakitonto kichochoroni, peke yake, anagonga baraza la duka lililofungwa, anasubiri, anagonga tena, mara moja moja.